Magome Mawili ya Mdalasini na Mzazi wa Marangu

Siku hizi nikikaa barazani kwa mwanangu, kila anayepita ana habari ya mdalasini. Mmoja anakunywa ili kitambi kiyeyuke. Mwingine ana sukari, na jirani yake kamwambia atie kijiko kizima kwenye chai, asubuhi na jioni. Juzi binti mmoja mwenye adabu zake kanipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mdalasini unaleta mchumba. Nikamwambia mchumba nilimpata kabla sijaijua kazi ya mdalasini, na tangu nilipoijua, alichokipata kwangu marehemu mume wangu ni chafya tu.

Nacheka nanyi, lakini nikimaliza kucheka huwa nawauliza swali moja: mdalasini upi? Hamjui kwamba iko zaidi ya mmoja. Mnanunua unga kwenye kijaluba, mwekundu, unanukia, basi. Ndiyo maana nimemwomba mjukuu wangu aandike haya ninayoyasema, maana mimi macho yamekwisha. Pua bado ninayo.

Jina langu Mwantumu. Nilifanya kazi ya viungo hapa Moshi tangu enzi za Mwingereza. Duka lilikuwa la Mzee Salehe, mtu wa maneno machache, yeye akiuza mbele, na sisi wanawake tukiwa uani. Kazi yetu ilikuwa kuchagua, kupepeta, kuanika, kutwanga na kuchekecha. Hiliki, karafuu, pilipili manga, bizari, tangawizi kavu, mdalasini. Tukitoka jioni, mbwa wa mtaani walikuwa wakitukimbia kwa harufu, na watoto wetu wakitujua tungali kwenye kona.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Somoe, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa huku bara na mume wa reli. Alikuwa mfupi, pua yake ndogo na imebonyea katikati, lakini pua hiyo ilisikia gunia lililoingia unyevu kabla kamba haijafunguliwa. Siku yangu ya kwanza alinipa masharti kama mwari. Usile kitunguu kibichi kabla ya kazi. Usipake mafuta ya nazi mikononi. Usifukize udi nguo za kazini. "Hapa pua ndiyo jembe," akaniambia. "Ukija nayo butu utalima nini?" Mimi nikaona ni makuu tu. Kisha nikainama juu ya ungo wa mdalasini uliochekechwa, laini kama poda, nikapiga chafya moja ya haki. Unga wote ukamwishia Bi Somoe usoni. Alikaa vile vile, kope nyekundu, akasema, "Sasa umeujua kwa pua. Kesho utaujua kwa ulimi."

Na kweli kesho yake alinifunga macho kwa kanga, akanitia kipande kimoja kimoja mdomoni. Nami nawaeleza nyinyi kama alivyonieleza, ila bila kanga.

Mdalasini mwembamba ulitoka Selani, kisiwa cha upande wa Bara Hindi. Sisi wa uani tuliuita karatasi. Gome lake ni jembamba kweli, limekunjwa tabaka ndani ya tabaka kama msokoto wa tumbaku. Rangi yake si nyekundu, ni ya mchanga mkavu. Ukiubana kwa vidole unavunjika. Ukiutafuna unaanza na utamu, halafu joto dogo linakuja taratibu, likikaa kooni bila kukwaruza.

Mdalasini mnene ulitoka China na nchi za huko mbali. Huo tuliuita gogo. Gome nene, tabaka moja tu, kingo zake mbili zimejikunja zikatazamana. Rangi yake nyekundu ya giza. Ukiutwanga, mchi unarudi juu, na jioni mabega yanakuambia. Ukiutafuna unakupiga kwanza, utamu ni baadaye. Na ukiuchemsha kwa muda mrefu, maji yake yanatoa ute kama wa bamia.

Katikati palikuwa na mdalasini wa Unguja, vipande bapa vya kila namna, vingine vizuri sana na vingine ovyo. Bi Somoe alisema huo ni ndugu yake karatasi, ila kakulia shamba.

Sasa faida zake mwilini. Bi Somoe hakuwa mganga wala hakujifanya. Alikuwa na maneno yake machache, nami niliyapima kwa miaka, nikaona mengi yanasimama. Tumbo lililojaa upepo, yote miwili inasaidia. Kipande kidogo kwenye chai, baada ya kula, na mtu anapumua. Jino linalouma, tafuna karatasi kidogo, inatuliza mpaka ufike kwa mtu wa meno, haiponyi jino. Baridi ya mwili, ile ya Juni na Julai mvua ya manyunyu ikituama mlimani, hapo gogo lina nguvu zaidi, kikombe kimoja, ulale. Pilau na nyama, gogo, maana karatasi inapotea chunguni. Lakini mtoto, mzee, mgonjwa na mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hao wape karatasi, tena kidogo. "Gogo ni mgeni wa siku moja," alikuwa akisema. "Mkaribishe, ale, aende. Ukimweka mwezi atakula na wenyeji." Nikimwuliza kwa nini, alijibu hajui kwa nini, alijua tu alivyoona kwao Pangani. Mjuzi anayekubali kusema hajui, mshikeni huyo.

Basi vita vikubwa vikaisha, meli zikaanza tena kuja vizuri, na magunia ya gogo yakajaa dukani kuliko tulivyozoea. Mzee Salehe aliyaagiza kwa sababu wateja wa mlimani waliyataka. Tukiwapa karatasi, waliigeuza mkononi, wakaivunja, wakaturudishia. "Hii ni ganda la ndizi kavu," mama mmoja wa Kibosho aliniambia. "Nipe dawa yenyewe." Alitaka gome ambalo likigongwa mezani linalia.

Nilidhani ni ubishi tu. Bi Somoe, aliyekaa huku miaka mingi, ndiye aliyenifumbua macho. Mchagga ana gome lake, akasema. Linaitwa msesewe. Wanalikausha, wanalitwanga, wanalichemsha mpaka maji yanakuwa meusi na machungu, halafu wanalitia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, ili ule utamu wa ndizi mbivu ukatike. Bila msesewe mbege ni uji wa watoto. Sasa mtu aliyezaliwa akiona gome nene, chungu, linalochemshwa siku nzima, ukimletea gome jembamba tamu ataliamini vipi? Kwake gome jema ni lile linalopigana na mtu. Nyinyi msicheke. Hata leo mkipewa kidonge kidogo kisichokuwa kichungu mnamwuliza daktari kama hakuna sindano.

Miongoni mwa wateja wa mlimani alikuwako Mama Anasia, wa Marangu. Mwanamke mrefu, Mlutheri wa kweli kweli, sauti yake ikitangulia mlangoni. Alijulikana kwa mbege. Hata waliosema kanisani kwamba hawainywi walijua yake ina ladha gani. Alikuwa akishuka mjini na lori la ndizi, ananunua chumvi na mafuta ya taa, na anapita kwetu uani kunisalimu kabla ya kwenda mbele kwa Mzee Salehe. Alinipenda kwa sababu nilijua kumwambia "aika" akinipa ndizi, yaani ahsante kwao.

Mwaka mmoja akaanza kununua gogo, na kununua kwenyewe kulikuwa kwingi. Juma hili anakuja, juma lijalo yuko tena. Nikamtania, "Shikamoo mama. Mna arusi huko juu au mnafungua hoteli?"

"Marahaba, mwanangu. Arusi gani? Nina mzazi ndani."

Mzazi huyo alikuwa Ndeshi, mke wa mwanawe mkubwa. Huyo mume alikuwa mbali, kazini kwenye mashamba ya mkonge. Hapa sharti niwaeleze desturi, maana wengine mmezaliwa mjini mnajua hospitali tu. Mlimani, mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, wageni hawamwoni. Kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala. Mama mkwe ndiye anayemlisha: mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, wenye siagi, maziwa, na mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Siku ya kutoka, anavalishwa vizuri, anakwenda sokoni, na watu wanamtazama. Aking'aa na mashavu yakijaa, sifa ni za mama mkwe. Akitoka mifupa, aibu nayo ni ya mama mkwe.

Na Ndeshi, kwenye uzazi wake wa kwanza, alitoka mifupa. Homa ilimshika ndani, chakula hakikukaa. Siku alipotokezwa sokoni, jirani mmoja, Mama Elisante, alisema mbele ya wanawake wote, "Kumbe mtori wa mzazi kaula mama mkwe." Watu wakacheka. Mama Anasia alinisimulia hilo mwenyewe, amekaa juu ya gunia letu. Mwanamke aliyelisha kijiji kizima mbege na ndizi, anaambiwa kala chakula cha mzazi.

"Safari hii," akaniambia, "atatoka anang'aa mpaka wafumbe macho. Nimeona nyie wa mjini mnawapa wazazi wenu chai ya mdalasini na wanapendeza. Na mimi nampa. Nachemsha tangu jogoo la kwanza, jua likipanda maji yamekuwa meusi kabisa. Bakuli asubuhi, bakuli jioni."

Nikauweka ungo chini. "Bakuli, mama? Sisi tunampa kikombe cha kahawa, na kipande chenyewe kama ukucha."

"Nyie wa mjini mna matumbo madogo."

"Na Ndeshi anaendeleaje?"

Hapo sauti yake ikashuka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akasema mzazi hataki mtori tena. Akiusikia harufu tu anatapika. Anajikuna mwili. Mkojo wake kama chai ya rangi. "Na macho," akasema, akaishia hapo. Kisha akainuka. "Ndiyo maana nimekuja kuongeza dawa."

Alipoondoka nilimweleza Bi Somoe. Akaacha kuchekecha. "Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema. "Yule anamficha mkwe wake kwa sababu ya soko. Miguu yangu haipandi mlima. Panda wewe." Nikamwuliza nitamwambia nini mwanamke kama yule, nyumbani kwake, tena mimi mgeni, Mwislamu wa mjini, umri wa binti yake. Nimwambie anamdhuru mkwewe? Neno lile likitoka kwenye ua wake limefika kwa Mama Elisante. Atanifukuza, na bakuli la jioni litanywewa vilevile. Bi Somoe akafikiri kidogo. "Usimwambie. Mpe magome. Kazi yake na kazi yako ni moja, nyote mnachemsha miti."

Nilipanda na lori asubuhi ya siku ya soko. Nilikuwa na karatasi na gogo ndani ya kitambaa, na hofu. Niliogopa, nawaambia wazi. Ndeshi sikuwahi kumwona, lakini njia nzima nilikuwa nikimwona amelala kizani, mtoto kifuani, akisikia bakuli linakuja.

Marangu wakati ule ilikuwa migomba na mibuni, mifereji ya maji ikipita kila kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la Mchagga. Mama Anasia nilimkuta uani, chungu kiko motoni, mvuke wake ukiniwasha macho. Akafurahi, akaniletea ndizi za kuchoma na maziwa. Nikaomba kumjulia hali mzazi.

"Mae! Mzazi haonwi, mwanangu. Hata nyie mna desturi zenu."

"Tunazo, mama. Basi nisaidie la kazi yangu. Wewe ni mpikaji wa mbege, ulimi wako naujua. Nimeleta mdalasini wa namna mbili. Dukani tunabishana upi ni bora. Nichemshie yote miwili, unipe hukumu."

Hapo nilimpata. Nani humwomba fundi hukumu akakataa? Akaleta vyungu viwili vidogo, akatia karatasi huku na gogo kule, akachochea moto kama afanyavyo siku zote. Tukakaa tukizungumza mambo ya mvua. Alipoona chai ya kwanza imepata rangi ya asali akacheka. "Maji ya kunawa haya." Ya pili ikawa nyekundu, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Akachota kwa kata, akaimimina taratibu tuitazame. Ikashuka kama uzi, haikukatika.

"Ina ute," akasema.

"Ina ute, mama. Hii nyingine haina."

Akaonja karatasi. "Tamu. Inapita." Akaonja gogo, uso ukamkunjamana, akatema pembeni. Kisha akaonja tena, kwa sababu fundi haamini mara moja. "Hii ina nguvu. Kama msesewe."

Hilo ndilo neno nililolipandia mlima, ila sikujua lingetoka kwake au ningelazimika kulitoa mimi. Nikamwuliza, "Mama, msesewe huwa mnakunywa bakuli ngapi?"

"Msesewe?" Akaniangalia kama nimepungukiwa. "Nani anakunywa msesewe? Hainywewi hiyo. Unatia kidogo kwenye pipa zima la ndizi, tena unaonja, unatia, unaonja. Ukizidisha unaharibu. Watu wanapasuka kichwa, wanatapika, wana..."

Hakumaliza. Alikuwa ameshika kata, maji meusi yanadondoka miguuni, na hakuona. Nawaambia, wajukuu zangu, katika maisha yangu nimepiga domo sana, lakini siku ile nilishukuru kwamba nilijua kunyamaza. Mama Anasia aliuangalia mlango wa nyumba. Akaangalia chungu kikubwa kilichokuwa kikichemka tangu alfajiri. Akakishika kwa mikono mitupu, kikiwa cha moto vile, akakimwaga kwenye mfereji.

"Njoo umwone," akasema.

Ndani, macho yalipozoea giza, nilimwona Ndeshi. Msichana bado, mkubwa kidogo tu kuliko mimi nilipoolewa. Mtoto alikuwa mnene, wa kiume, akinyonya kwa bidii. Mama yake alikuwa na mashavu yaliyoshuka, na alipofungua macho kunisalimu, weupe wake ulikuwa wa manjano kama bizari. "Shikamoo dada," akanong'ona. Halafu akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, nitajitahidi kunywa." Alidhani nimeletwa kumshurutisha.

Mama Anasia akalia. Alilia kwa sauti yake yote, ile inayotangulia mlangoni. Kisha akajifuta kwa kanga, akaanza kutafuta viatu.

Nitawaeleza kwanza yaliyofuata, ndipo niirudie asubuhi ile. Tulimpeleka Ndeshi hospitali ya misheni. Daktari alimbonyeza chini ya mbavu, akasema ini limevimba. Akauliza amekuwa akila nini na kunywa nini. Mama Anasia alijibu mwenyewe, hakuficha bakuli hata moja, hakusema "walimpa," alisema "nilimpa." Daktari akasema huenda ni ile chai, huenda ni homa iliyojificha, huenda ni yote, hawezi kuapa. Akakataza magome ya kila aina, na siagi akaipumzisha. Ndeshi alikaa pale muda, akarudi taratibu kama mgomba uliokatwa. Macho yakawa meupe. Nyumbani, Mama Anasia akamwingiza ndani upya, akaanza kuhesabu miezi mitatu tangu mwanzo. Mzee mmoja wa kanisa akasema hajapata kuona mzazi wa mara mbili kwa mtoto mmoja. Akajibiwa kwamba sasa ameona.

Kwa hiyo msije mkasimulia kwamba Bi Mwantumu kasema mdalasini unaua. Sikusema. Mimi mpaka leo sijui kama gogo ndilo lililomlaza Ndeshi peke yake. Ninachojua ni kwamba alikunywa asichostahili kunywa, kwa wingi usiostahili, na aliyempa alikuwa anampenda. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu mmoja, aliyesomea dawa, aliniambia kwamba ndani ya ule mnene kuna kitu kinacholemea ini la baadhi ya watu kikizidi kwa siku nyingi, na kwamba mwembamba unacho kidogo mno. Nikakumbuka Bi Somoe na mgeni wake wa siku moja, nikamwombea rehema. Nikamwuliza huyo mjukuu, na sukari je? Akasema wenye elimu bado wanabishana, wengine wanaona inashuka kidogo, wengine hawaoni kitu, na hakuna mwenye akili anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake anywe chai. Basi na mimi nasema hivyo hivyo. Mwenye sukari, kunywa dawa yako. Ukipenda mdalasini, tafuta karatasi, kipande kama ukucha, ufurahie harufu. Unga usioutambua ni wa gome gani, utie kwenye pilau. Na mkifika soko la Kwa Sadala mkamkuta mama anawauzia kijiti, kivunjeni kwanza mkione ndani, hatawauma.

Dawa zetu nyingi hazina ubaya. Ubaya unaingia pale tunapotaka kuonekana. Mama Anasia hakukosea kwa ujinga, maana hakuna aliyeijua miti kuliko yeye. Alikosea kwa sababu alikuwa akimpikia Ndeshi huku akilitazama soko. Na nyinyi mnaokunywa mchana na usiku ili nguo ya arusi iwatoshe, jiulizeni mnampikia nani.

Sasa ile asubuhi. Kutoka kihambani hadi barabara ya lori hapakuwa na njia nyingine, lazima upite sokoni. Na ilikuwa siku ya soko, wanawake wamejaa na mikungu yao, na mzazi alikuwa bado na miezi mbele yake. Nilimwambia Mama Anasia tusubiri mpaka soko livunjike, au tutafute vijana wenye machela, tumfunike uso. Akaniambia, "Nimemfunika vya kutosha." Akamwinua Ndeshi, akamshika kiunoni, mkono wa mkwe wake akauzungusha shingoni mwake. Mimi nikambeba mtoto. Tukashuka hivyo, polepole, Ndeshi akipepesuka, jua likimpiga yale macho ya manjano.

Soko lilinyamaza. Hamjui soko la Marangu likinyamaza linavyotisha. Unasikia maji ya mfereji. Mama Elisante alikuwa wa kwanza njiani, mkungu kichwani. Akatutazama, mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Anasia, mbona unamtoa mapema? Na hajanenepa."

Nilijua kwamba hilo ndilo swali Mama Anasia alilolikimbia tangu uzazi wa kwanza.

"Maiti hanenepi, Mama Elisante," akasema. "Mimi ndiye niliyemlisha vibaya, na mimi ndiye ninayempeleka hospitali. Nipishe."

Hakuna aliyecheka. Mama Elisante akautua mkungu wake palepale katikati ya njia, akaja upande wa pili, akaingiza bega lake chini ya kwapa la Ndeshi. Mama Anasia hakumtazama, wala hakumzuia. Wakaenda naye hivyo hadi kwenye lori, mmoja huku na mmoja huku, wakapanda wote wawili, nami nyuma yao na mtoto. Tuliporudi jioni, Ndeshi na mtoto tumewaacha hospitali, mkungu ulikuwa bado njiani, watu wameupita pembeni kutwa nzima.